Nanasi la Kiwangwa Halina Kosa

Kiwangwa, huku Bagamoyo, ni nchi ya mananasi, na tumbo likichafuka ni rahisi kulaumu tunda. Lakini nanasi lililokomaa, ambalo ganda lake halijapasuka, ndani ni safi. Uchafu huletwa na kisu kilichofutiwa kwenye kanga, sinia lililosuuzwa kwa maji ya jana, na zaidi ya vyote mkono unaogawa vipande. Tazama jinsi ugonjwa unavyotembea nyumbani: anaanza mtoto kuharisha, baada ya siku moja au mbili anafuata mama anayemsafisha, kisha bibi anayelala naye. Chakula kibovu kwa kawaida huwaangusha walaji wake karibu kwa pamoja. Wakiugua kwa kupokezana namna hii, basi wanaambukizana wao kwa wao, na njia kuu ni mikono.

Wapo watakaosema tatizo ni maji, na hawajakosea. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kiliugusa karibu kila mkoa, na hadi kilipotulia zaidi ya watu 30,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 wamekufa. Maji yasiyo salama yalikuwa na sehemu kubwa katika msiba ule. Ila maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huchafuka yakifika kwenye ndoo, pale kila mtu anapochovya kikombe na vidole vyake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, waliochunguza kaya za Bagamoyo, walikuta vimelea vya magonjwa ya tumbo kwenye maji ya akiba na pia kwenye mikono ya walezi. Makadirio waliyoyachapisha mwaka 2015 yanatisha: mtoto mdogo humeza kinyesi kingi zaidi kwa kutia mikono mdomoni kuliko kwa kunywa maji, tena kwa mbali. Hapo ndipo ule usemi wa kwamba mtoto anaharisha kwa sababu anaota meno unapotupoteza. Jino halileti kuhara. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutafuna kila kinachookotwa, na kinyesi cha mtoto, ambacho wengi wetu hukiona hakina madhara, kina vimelea kama cha mtu mzima. Bakteria wa kuhara damu, shigela, huhitaji kuingia wachache tu, kati ya 10 na 100, kumwangusha mtu mwenye afya.

Pingamizi zito zaidi limetoka kwa jirani zetu. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini magharibi mwa Kenya, matokeo yake yakatoka mwaka 2018, uliwapa watu dawa ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia, na kuhara kwa watoto hakukupungua. Je, kunawa ni kazi bure? Sioni hivyo. Tafiti nyingine nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba sabuni hupunguza kuhara kwa takriban theluthi moja. Somo la Kenya ni kwamba kifaa hakitoshi pale kuku na watoto wanapogawana uwanja mmoja, na pale mazoea yanapolegea.

Kwa hiyo, mazoea ya kila siku yakilegea, nguvu ielekezwe angalau kwenye siku ambazo nyumba ina mgonjwa. Uhaba wa maji nao usiwe kisingizio: kibuyu chirizi hutumia maji kidogo sana, na sabuni ya mche ikikosekana, majivu yanasaidia. Kunawa kwa zamu katika bakuli moja kuachwe, maji yamiminwe mikononi. Anayemhudumia mgonjwa asipike, kama yupo mwingine wa kupika. Na aliyepona asikabidhiwe mwiko wala kikombe cha kuchotea maji kwa siku mbili za mwanzo, kwa sababu virusi vya kuharisha viitwavyo noro huendelea kutoka katika choo chake hata baada ya tumbo kutulia.