Kipepeo anataka majani kabla ya ua

Anayetaka vipepeo bustanini kwa kawaida hutafuta ua la rangi kali. Kwa rangi ya njano, chaguo la haraka huwa alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, mmea uliotoka Mexico na Amerika ya Kati ambao sasa umejaa kwenye nyua na kando ya barabara za magharibi mwa Kenya. Vipepeo huufuata kweli, maana una nekta. Lakini kipepeo anayekunywa na kwenda zake hajapata makazi. Makazi yake ni pale anapoweza kutaga na kiwavi wake akapata cha kula, na viwavi wengi huchagua sana majani. Ndiyo maana kwa nyanda zetu za juu nautetea mmea wa hapahapa ambao Wakalenjin huuita senetwet na Wakikuyu mwinu: Senna didymobotrya.

Ni kichaka cha kudumu kinachoweza kupita mita 3, na hupenda kingo za mito na mashamba yaliyoachwa. Maua yake husimama wima juu ya matawi, ya njano iliyokolea, na nchani vitumba ambavyo havijafunguka vimevikwa magamba ya rangi nyeusi. Ajabu ni kwamba maua hayo hayana nekta hata tone. Yana chavua tu, nayo imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hulikumbatia ua na kutetemesha misuli ya mabawa hadi chavua imwagike. Kwa hiyo Catopsilia florella, yule kipepeo mweupe au wa manjano anayejulikana kwa kuhama kwa makundi makubwa barani Afrika, hafuati ua. Jike hutua kwenye jani changa, akataga yai moja, akahamia jani jingine. Viwavi wanaoanguliwa ni wa kijani, wana mstari hafifu ubavuni, na ukilitazama jani harakaharaka huwaoni.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kufuga wadudu waharibifu. Hofu hiyo inaeleweka kwa mkulima aliyepoteza mahindi kwa viwavijeshi, ila viwavi hawa hula jamii ya senna na ndugu zake wa karibu. Mahindi na sukuma wiki si chakula chao. Watatoboa majani, naam, na hiyo ndiyo kazi ya mmea huu bustanini. Anayepulizia dawa ili majani yapendeze anaua vipepeo aliowapandia.

Pingamizi la sumu lina uzito zaidi. Majani na mizizi huharisha vikali, na kuyanywa kama dawa bila kipimo ni hatari. Wakalenjin huchoma vijiti vyake na kupaka mkaa ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, lakini mkaa si jani bichi, na desturi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuchemsha majani. Upandwe mbali na zizi na mahali watoto wadogo wanapochezea.

Kuna pia suala la kuenea. Senna spectabilis, ndugu yake kutoka Amerika, imevamia misitu ya Budongo nchini Uganda na Mahale nchini Tanzania, na senetwet yenyewe imekuwa gugu sumbufu Afrika Kusini. Hata huku kwao huweza kuziba malisho yaliyochoka. Kwa hiyo siupendekezi nje ya maeneo yake ya asili, na ndani yake nashauri maganda yakatwe kabla hayajakauka na kupasuka. Mbegu zina ganda gumu: zimwagiwe maji ya moto, zilale humo usiku kucha, kisha zipandwe penye jua. Maua yakiisha, punguza nusu ya matawi na uache nusu. Yaliyokatwa yatachipua majani machanga, na huko ndiko jike hutaga.