Herufi Zilizo Chini ya Mbwa Mwitu

Mwaka 330 BK, Kaisari Konstantino alipozindua mji wake mpya kando ya mlango wa Bosporus, viwanda vya sarafu vya dola ya Roma vilianza kutoa visarafu viwili vya shaba kwa heshima ya miji miwili. Kimoja kilikuwa cha Constantinople, mji mpya. Kingine kilikuwa cha Roma yenyewe: upande wa uso, mwanamke aliyevaa kofia ya vita na maneno VRBS ROMA, upande wa nyuma, mbwa mwitu jike akiwanyonyesha mapacha Romulus na Remus, na nyota mbili juu ya mgongo wake. Uzito wake ni gramu mbili na nusu hivi, na upana haufiki sentimita mbili. Viligongwa vingi mno, hata leo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kukipata kimoja katika masoko ya Ulaya bila kuvunja kibubu.

Wapo watu wanaonunua kisarafu hiki, kisha kingine chenye mbwa mwitu yuleyule, kisha kingine tena, miaka nenda rudi. Asiyejua huwashangaa. Wao hawamtazami mnyama. Wanatazama chini ya miguu yake.

Pale pana ukanda mwembamba wenye herufi chache, na hizo ndizo anwani ya sarafu. TRP ni Trier, karakana ya kwanza. TRS ni Trier, karakana ya pili. SMKA ni karakana ya kwanza ya Cyzicus, na SM yake ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya sarafu takatifu, yaani ya kaisari. Viwanda vya magharibi vilihesabu karakana zake kwa Kilatini: P kwa prima, S kwa secunda, T kwa tertia, Q kwa quarta. Vya mashariki vilihesabu kwa alfabeti ya Kigiriki. Kiwanda cha Roma wakati huo kilikuwa na karakana tano, na hapo hesabu ikaleta kero, maana ya nne ni quarta na ya tano ni quinta, zote Q. Wakaiachia Q karakana ya nne, na ya tano wakaiazimia epsilon ya Wagiriki, ambayo thamani yake ni tano. Suluhisho hilo la ofisini hunifurahisha kuliko picha nyingi za makaisari.

Mtego mkubwa kwa anayeanza ni Arles. Mwaka 328 mji huo wa kusini mwa Ufaransa ya leo ulipewa jina jipya, Constantina, na alama yake ikageuka kutoka ARL kuwa CONST. Muuzaji asiye makini akiona CONST anaandika Constantinople, na sarafu inahamishwa karibu kilomita 2,000 kwa kalamu tu. Dawa ni kuangalia namba ya karakana imekaa wapi. Ikitangulia na ikiwa ya Kilatini, PCONST, hiyo ni Arles. Ikifuata nyuma na ikiwa ya Kigiriki, CONSA, hiyo ni Constantinople.

Kwa nini viwanda vijisumbue hivyo kwa kisarafu cha kununulia mboga? Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni uwajibikaji. Kila karakana ilikabidhiwa madini na ilidaiwa sarafu za uzito uliopangwa. Zikionekana pungufu, ilijulikana nani wa kuulizwa. Ni kama namba ya toleo kwenye chupa ya dawa: haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Baadaye zikaongezwa nukta, taji la majani, tawi la mtende, na huko Arles hata alama ya Kristo ya herufi mbili za Kigiriki, iliyowekwa katikati ya zile nyota mbili. Nyongeza hizi zilitenganisha toleo na toleo. Kwa kuzifuata, mwanazuoni wa Finland Patrick Bruun aliweza kupanga matoleo ya enzi ya Konstantino kwa mfuatano katika juzuu ya saba ya Roman Imperial Coinage, iliyotoka mwaka 1966. Wakusanyaji huiita RIC tu, na ndiyo katalogi wanayoapia.

Tofauti nyingine ndogo hufichua habari ambayo serikali isingependa kuitangaza. Sarafu ya shaba iliyosifu jeshi, GLORIA EXERCITVS, ilianza na askari wawili na bendera mbili za kijeshi katikati yao. Kuanzia mwaka 335 hivi bendera ikabaki moja. Ukizipima utaelewa: sarafu ilikuwa imepunguzwa uzito na upana, nafasi ya bendera ya pili ikakosekana.

Zipo pia alama zilizofanywa mchezo. Kaisari Probus, aliyetawala 276 hadi 282, alikuwa na kiwanda chenye karakana sita huko Ticinum, mji unaoitwa Pavia siku hizi. Katika toleo moja kila karakana iliweka herufi moja tu zaidi kwenye sarafu zake: ya kwanza E, ya pili Q, kisha V, I, T, I. Ukiwa na sarafu moja huna kitu cha kusoma. Ukizipanga sita kwa zamu ya karakana unapata EQVITI, ambalo wataalamu wengi wanaamini ni jina la kaisari mwenyewe, Equitius. Nani alitarajiwa kulisoma? Mwenye duka la mkate hakuwa na sababu ya kupanga chenji yake kwa karakana. Nadhani ulikuwa utani wa ndani wa wakubwa wa kiwanda, na msomaji wake halisi amekuja kuwa mkusanyaji wa leo.

Desturi ya kutia alama ni kongwe kuliko makaisari. Mwaka 79 KK, Lucius Papius alitoa dinari za fedha zenye ukingo wa meno kama msumeno. Upande wa uso, nyuma ya kichwa cha mungu wa kike Juno, pana picha ndogo ya kitu fulani, mara nyingi kifaa cha kazi. Upande wa nyuma pana kitu mwenzake. Jozi zinazojulikana zinapita 200, na kwa kawaida kila jozi ina muhuri wake wa kugongea uso na wake wa kugongea nyuma. Kwa mtafiti hiyo ni zawadi, kwa sababu mihuri inahesabika, na kutokana nayo mtu anaweza kukisia ukubwa wa kazi yote. Kwa mkusanyaji ni kishawishi cha maisha mazima.

Marcus Antonius naye, alipojiandaa kwa vita vya Actium vya mwaka 31 KK, aligonga dinari za kuwalipa askari, kila kikosi na namba yake. Kikosi cha nne kinaandikwa LEG IV kwenye sarafu moja na LEG IIII kwenye nyingine. Cha tisa ni IX na pia VIIII. Hapo hakuna siri. Kila mchongaji aliandika namba kwa mazoea yake. Fedha yake ilikuwa duni, kwa hiyo watu waliziweka akibani zilizo safi wakazitumia hizi, zikaendelea kupita mikononi zaidi ya miaka 200 hadi nyingine zikabaki vipande laini.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wauzaji. Alama ya karakana ilikusudiwa na kiwanda. IV badala ya IIII ni mkono wa mchongaji. Mkunjo wa vazi ulioliwa na kutu, au nukta iliyotokana na ufa kwenye muhuri, si aina mpya ya chochote, na wapo wanaochonga alama upya juu ya sarafu iliyochakaa ili ipande bei. Maneno “haimo katika RIC” nayo hayatoshi kumfanya mtu afungue pochi. Mara nyingi maana yake ni kwamba karakana fulani haikuwa na mfano wa kuandikwa wakati katalogi inatayarishwa, na sarafu yenyewe huenda isiwe ya thamani kuliko jirani yake.

Majirani ambao sarafu ilizikwa nao ndio wanaoeleza mengi. Mwaka 1989, huko Nether Compton, Dorset, Uingereza, ilifukuliwa dafina ya sarafu zaidi ya 22,000 za enzi ya Konstantino, nazo zikatawanyika sokoni kabla hazijachunguzwa kikamilifu. Dafina ya Seaton Down, Devon, yenye sarafu 22,888, ilipatikana mwaka 2013. Hiyo ilitolewa ardhini na wataalamu, na leo iko katika jumba la makumbusho la Exeter, ambako bado mtu anaweza kuuliza ni ngapi zilitoka Trier, ngapi Lyon, na ngapi Arles.