Minari: filamu ya mkulima aliyekosa maji

Msikilizaji, ukisikia filamu imepata tuzo ya Oscar unaweza kudhani ni mambo ya bunduki na magari ya kifahari. Minari inamhusu mkulima anayetafuta maji.

Imetungwa na kuongozwa na Lee Isaac Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyekulia kwenye shamba dogo jimboni Arkansas, na ilianza kuonyeshwa mwaka 2020. Chung si mgeni kabisa huku kwetu: filamu yake Munyurangabo, ya mwaka 2007, aliipigia Rwanda, kwa Kinyarwanda.

Hadithi ni ya miaka ya 1980. Jacob na mkewe Monica, wahamiaji kutoka Korea Kusini, wanatoka California na watoto wao wawili kwenda kuanza maisha shambani Arkansas. Nyumba yenyewe ina magurudumu. Kazi inayowalisha ni ya kutenganisha vifaranga majike na madume. Madume hayatagi, kwa hiyo huteketezwa. Jacob ameichoka kazi hiyo. Anataka kulima mboga za Kikorea na kuwauzia Wakorea wenzake mijini.

Hapo ndipo mkulima yeyote atakaa sawa kusikiliza. Mtu wa kutafuta maji kwa kijiti anakuja, anataja bei, Jacob anakataa. Anachagua mwenyewe sehemu ya bondeni yenye miti, anachimba na kupata maji. (Kijiti hicho hakijathibitishwa na sayansi, kwa hiyo mimi simlaumu.) Baadaye kisima kinakauka. Anamwagilia kwa maji ya bomba yenye bili, mpaka siku moja mabomba ya nyumbani nayo yanakauka. Mboga zinapokomaa, mnunuzi wa Dallas anaghairi oda. Monica haoni tena kama mumewe anaitafutia familia riziki au analitafutia shamba, na mtoto wao David ana tatizo la moyo, na hospitali iko mbali. Kwangu hapo ndipo filamu inapouma, kwa sababu wote wawili wana haki.

Mwisho sitausema wote. Ila kuna bibi, Soon-ja, mama yake Monica, aliyekuja kutoka Korea na mbegu za minari. Hii ni mboga ya majani inayopenda majimaji. Ukiikata huchipua tena, na Wakorea huila mbichi au kwenye supu. Bibi anaipanda kando ya kijito na kuiacha. Haitaki kisima wala bili.

Aliyeigiza bibi ni Youn Yuh-jung. Mwaka 2021 alikuwa mwigizaji wa kwanza kutoka Korea kushinda Oscar ya uigizaji. Sehemu kubwa ya filamu ni Kikorea, hivyo ukiipata, kaa karibu na kioo usome maandishi ya chini.