Siku Tatu za Baridi Bukavu, Mimi na Bwana Yangu

Ukiuliza katika mkutano wa akina mama hapa Baraka ni nani amekwisha kufika Bukavu, mikono mingi itanyanyuka. Sasa uliza walikwenda kufanya nini. Mmoja alimpeleka mgonjwa hospitali ya Panzi. Mwingine alifuata vikwembe vya kuuza. Mwingine alikwenda kilioni, na mwalimu mwenzangu alikwenda kufuatilia jina lake lililopotea kwenye orodha ya mishahara. Sijasikia bado mama akisema: nilikwenda kutembea tu, mimi na mume wangu, tukatazama mji tukarudi.

Sisi tulikwenda hivyo, mwanzoni mwa likizo kubwa ya mwaka wa 2019. Tumeoana miaka kumi na moja, tuna watoto watatu, na safari zote tulizowahi kufanya pamoja zilikuwa za harusi za watu au matanga. Mama mkwe nilipomwomba abaki na watoto, swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akanitazama sana. Kisha akakubali, akasema tumletee mboga za Bukavu.

Juu ya fedha nitasema wazi, maana ndilo swali ambalo kila mtu ananiuliza. Mimi nilitoa sehemu ya mgao wangu wa AVEC, bwana yangu, ambaye ni seremala, akatoa malipo ya mlango mmoja na vitanda viwili. Tulipatana kwamba zisipotosha kabla shule hazijafungwa, hatuendi. Hatukukopa hata franka moja. Anayekopa ili atembee, atatembea akihesabu.

Tuliondoka alhamisi alfajiri. Lweba, Nundu, Mboko, Makobola, njia mnaijua na mashimo yake mnayajua. Kiangazi kina vumbi lakini angalau gari halizami. Wekeni kadi ya mpiga kura karibu na mkono, si chini ya mzigo, kwa sababu ya bariera. Baada ya Uvira ni bonde la Ruzizi, kavu na moto kuliko kwetu. Tulipopita Sange gari lote lilinyamaza. Watu wanakumbuka usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka pale na kuwaka, watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao wakiwa wanatazama mpira.

Halafu Kamanyola, halafu kupanda Ngomo. Barabara inazunguka mlima kama nyoka, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine shimo ambalo sikulitazama mara mbili. Hapo ndipo abiria walianza kufunga vioo. Mimi nilitoa triko yangu kwenye mfuko. Bwana yangu alikuwa amekataa kubeba ya kwake. Alisema mwanaume wa ziwani hawezi kushindwa na upepo.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini Bukavu ni baridi na si mbali sana na sisi. Jibu liko katika urefu wa nchi. Ziwa letu Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460, na vilima vya mji vinapanda zaidi ya hapo. Kila ukipanda mita 1000, hewa inapoteza kama nyuzi sita za joto. Kwa hiyo kutoka Baraka kufika Bukavu unapoteza nyuzi nne au tano, na mwezi wa saba, mbingu ikiwa wazi usiku, unapoteza zaidi. Kwetu tunalala na kikwembe kimoja na dirisha wazi. Kule tulipewa blanketi mbili tukaomba ya tatu. Maji ya kuoga yalikuwa baridi kama yametoka chini ya jiwe. Mhudumu wa nyumba ya wageni alikuwa ametuahidi ya moto, tukaendelea kuahidiwa hadi tulipoondoka.

Ijumaa asubuhi bwana yangu alikuwa amejifunga kikwembe changu shingoni. Sikusema neno. Tulikwenda moja kwa moja soko la Kadutu kwenye nguo za mitumba, na muuzaji alipomwona anavyotetemeka akataja bei mara mbili. Nilimsukuma bwana nyuma ya kibanda cha ndoo, nikapatana mimi peke yangu. Tulipata koti la sufi la rangi ya kijivu, zuri kweli, limekosa kifungo kimoja.

Katika soko hilo nilisimama sana mbele ya akina mama wa sambaza. Ni ndagala, jamani! Ni ndagala wetu. Zamani Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache wa aina chache. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vidagaa vilichukuliwa kutoka Tanganyika vikaachiwa ndani ya Kivu, vikazaana. Leo familia nyingi za Bukavu zinasomesha watoto kwa samaki ambaye babu yake alitoka kwetu. Nilimwambia muuzaji mmoja habari hiyo akacheka, akaniongezea konzi moja bila kulipa.

Mji wenyewe unatembelewa kwa miguu, na miguu itauma, maana ni kupanda na kushuka. Wakati wa ukoloni uliitwa Costermansville. Jina la Bukavu, wenyeji wanasema, latokana na neno la Kishi la malisho ya ng'ombe. Rasi zake tano zinaingia ziwani kama vidole vya mkono uliotumbukizwa majini. Tulifuata barabara ya Lumumba, tukapita Nyawera, mahali alipouawa Askofu Mkuu Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996. Sisi si Wakatoliki, lakini tulisimama. Mwaka ule wa vita mimi nilikuwa mtoto, na bwana yangu alivuka ziwa na wazazi wake kwenda Kigoma ndani ya mtumbwi. Jambo hilo nalijua tangu tuoane. Lakini kwamba walivuka usiku, na kwamba dada yake mdogo alilia njia nzima na mama yao akamziba mdomo, hilo alinieleza hapo Nyawera, tumesimama, pikipiki zinatupigia honi.

Nilitamani tufike Kahuzi-Biega kuona sokwe wakubwa. Mbuga hiyo iko karibu, ilianzishwa mwaka 1970, na Unesco iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1980. Fedha ya kuingia ilitushinda. Tukaona mlima wenyewe kwa mbali, asubuhi, ukungu ulipotoka.

Jumamosi jioni umeme ulikatika mapema. Nje baridi, ndani giza, hakuna mtoto wa kuamka, hakuna jirani wa kubisha hodi akiomba chumvi. Tulikaa kitandani, blanketi zote tatu mabegani, chupa ya chai ya tangawizi katikati. Nyumbani mazungumzo yetu ni karo, malaria, makala yameisha, bugali imeiva. Usiku ule hayo yote hayakuwepo, tukabaki sisi wawili.

Akanyamaza sana, kisha akasema: "Mama, kuna neno." Kaka yake mkubwa wa Uvira alikuwa ameomba binti yetu wa kwanza aende kukaa kwao, asaidie mke wake aliyejifungua. Na yeye alikuwa amekwisha kujibu ndiyo. Miezi miwili iliyopita. Mtoto alikuwa aende kabla ya mwezi wa tisa.

Akina mama, mnaijua hadithi hii. Binti anaondoka kwa mwaka mmoja kusaidia, anaahidiwa shule, kisha unasikia anabeba maji na mtoto mgongoni wakati wenzake wako darasani. Nina kiti kitupu kila mwaka katika darasa langu la tano, na karibu kila mara ni cha msichana. Nilikasirika nikashindwa kusema. Nyumbani ningetoka nje nikaanza kupiga nguo kwenye jiwe. Kule nitoke niende wapi, baridi ile? Nikabaki chini ya blanketi.

Tuliongea hadi usiku wa manane. Alinieleza kwamba kaka yake ndiye aliyemlipia shule kule kambini Tanzania, na kwamba hajui namna ya kumwambia hapana mtu aliyemlea. Hilo pia sikulijua lilivyomlemea. Nikamwuliza: "Papa, deni lako tumlipie mtoto?" Mwishowe tulipata njia. Binti atabaki Baraka na kalasi yake. Mimi nitakwenda Uvira wiki mbili za likizo kumsaidia mke wa shemeji, na kila mgao tutatuma kitu kidogo ili wamlipe mtu wa kazi hadi mtoto akue. Jumapili asubuhi bwana yangu alipiga simu mwenyewe. Mkubwa wake hakufurahi. Hajafurahi hadi leo, lakini wiki zile mbili nilipokewa vizuri na mtoto mchanga ananijua. Bwana yangu amesoma maneno haya kabla sijayatuma, amekubali yachapwe.

Baada ya simu ile tulishuka hadi karibu na daraja la Ruzizi, ambako mto unatoka Ziwa Kivu na ng'ambo ni Rwanda. Maji yale yanapita mitambo ya umeme ya Mururu, yanateremka bondeni, yanaingia Tanganyika karibu na Uvira. Bwana yangu alitupa jani ndani, akasema tutashindana nalo nani atafika kwanza. Alikuwa anatembea kando yangu, si mbele. Kwetu, mnajua wenyewe, anatembea mbele.

Mama mkwe alipata mboga zake: karoti, vitunguu vya majani na kabichi moja iliyojaa mapaja yangu njia nzima hadi Baraka.

Anayetaka kwenda aondoke alhamisi, arudi jumatatu, na asipange mambo mengi ya kuona. Nina triko mbili nzito, moja ya kike na moja inayofaa wote. Ziko kwangu, azime, afue, arudishe. Lile koti la kijivu mumwombe mwenyewe. Tulilishonea kifungo, sasa analivaa hata hapa mvua ikinyesha.