Kabla ya bibi harusi, mpige paka kwanza!

Siku hizi mjini kila mtu kameramani. Jamaa ananunua kamera ya mtumba Kariakoo Jumatatu, Jumamosi unamkuta ukumbini kavaa fulana nyeusi na advansi keshakula. Mpenzi msomaji, harusi haina marudio. Keki haikatwi mara ya pili eti kwa sababu picha zilitoka giza.

Nasema kwa uchungu. Binamu yangu alipoolewa mwaka 2022 alikabidhiwa albamu ambayo gauni lake jeupe limetoka kijivu, kama halijafuliwa, na uso wake umezama gizani. Mpiga picha alishalipwa, simu akazima. Basi niliponunua kamera yangu ya dijitali, niliamua mteja wangu wa kwanza awe paka wetu, Mkaa. Kumpiga picha, jamani, msije mkanishitaki!

Mkaa ni mweusi tii, na majirani wana maneno yao kuhusu paka wa rangi hiyo. Mimi kwangu ni mwalimu. Kamera ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kipimo hicho hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Kikiona weusi mwingi kinaongeza mwanga, Mkaa anatoka kama kamwagiwa majivu. Mlaze juu ya shuka jeupe linalojaza picha nzima, kinapunguza, shuka linakuwa chafu na paka anapotelea gizani. Dawa ni kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Weusi ukizidi unatoa, weupe ukizidi unajumlisha. Sasa badala ya shuka weka gauni na mapazia meupe ya ukumbi, utaelewa yaliyompata binamu yangu.

Halafu paka haambiwi "tulia, cheka". Kwa kasi ya 1/60 mkia wake unakuwa moshi mtupu. Kwa 1/500 hata akirukia dagaa anaganda hewani, ila mwanga unaoingia ni kidogo, hivyo ndani ya nyumba inabidi upandishe ISO hadi 1600 au 3200. Hapo chenga zinaanza kuonekana. Mimi nachagua chenga; picha iliyotikisika haina tiba.

Flashi nimeizima kabisa. Inamkera, na macho yanawaka kama taa za gari. Si jini, bwana! Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomsaidia kuona usiku. Badala yake namvizia asubuhi anapolala mkekani karibu na dirisha. Nalala kifudifudi tuwe macho kwa macho, mwanga unampiga ubavuni na kila unywele unaonekana. Lenzi yangu ya 50mm nikiifungua mpaka f/1.8 kwa karibu hivyo, pua inakuwa kali na macho yanaingia ukungu. Kwa f/4 vyote vinakaa vizuri.

Kaka zetu wa miaka ya 1990 walikuwa na mkanda wa picha 36, na kusafisha kulikuwa pesa. Leo napiga 200 kabla ya chai, na kila picha inatunza kasi, tundu na ISO iliyotumika, kwa hiyo usiku nazilinganisha kwenye kompyuta. Wala si wazimu mpya huu: huko Brighton, Uingereza, Harry Pointer alikuwa akipiga paka picha tangu miaka ya 1870, kwa kamera za enzi hizo zisizojua haraka!

Sasa mdogo wake binamu ana sendofu Desemba, na shangazi kanifuata. Nimemwambia nitapiga nyumbani, bibi harusi akipambwa karibu na dirisha. Ukumbini, penye zile taa za rangi zinazozunguka, atafutwe mwenye uzoefu. Shangazi kanuna. Pesa ya mpiga picha alishaihamishia kwenye vitenge.