Kabla ya kuhesabu mabao, hesabu mapigo ya moyo

JUMAPILI jioni viwanja vya vumbi hujaa, kuanzia Kayanga na Omurushaka wilayani Karagwe hadi Nkwenda na Murongo wilayani Kyerwa. Vijana wanasaka ushindi, veterani wanasaka heshima, na pembeni bodaboda zimepangwa kama magari ya wageni harusini. Dakika ya 20 tu, beki aliyesifika zamani kwa pumzi ameshika kiuno, anaomba kubadilishwa.

Watani watasema ni umri, na mara nyingine ni umri kweli. Lakini moyo unaodunda kasi hata mwenyewe akiwa amekaa unaweza kuwa unatoa taarifa nyingine: hatari ya kisukari inasogea.

Kwa kawaida moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wanamichezo wa mbio ndefu huwa chini ya hapo, wengine hukaribia 40. Wakimbiaji wa kariba ya Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, hupiga tizi kwa miaka mingi hadi moyo unakuwa pampu yenye nguvu. Kila pigo moja linasukuma damu nyingi, hivyo hauna haja ya kuhangaika.

Uhusiano wa mapigo hayo na kisukari si maneno ya kijiweni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia kwa takriban miaka minne watu wazima zaidi ya 73,000 wa jamii ya Kailuan, mjini Tangshan, China. Ilibainika kuwa kila mapigo yalipozidi kwa 10 kwa dakika, hatari ya kupata kisukari ilipanda kwa asilimia 23, hata baada ya kuzingatia mambo mengine kama umri na uzito.

Asilimia hiyo isieleweke vibaya. Haina maana kwamba watu 23 kati ya 100 wataugua. Chukua mfano: kama katika kundi la watu 100 wenye mapigo 65 wangeugua 10, basi katika kundi kama hilo lenye mapigo 75 wangeugua kama 12. Ni ongezeko dogo kwa mtu mmoja, ila kwa wilaya nzima ni wengi.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni mishipa ya fahamu inayouandaa mwili kwa hatari. Ikiwa macho muda wote, kwa msongo wa mawazo au kukosa usingizi, moyo hukimbia, na homoni zake huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu huku zikiipunguzia insulini nguvu. Sababu ya pili ni misuli. Msuli unaofanya kazi ni mlaji mkubwa wa sukari. Ukilala tu, sukari inabaki inazunguka kwenye damu, na moyo nao unapoteza ufiti.

Hapo ndipo Karagwe na Kyerwa zinapoguswa. Milima ile ilikuwa gym ya bure. Mkungu wa ndizi ulipandishwa kichwani, gunia la kahawa lilisukumwa kwenye baiskeli. Leo bodaboda inamfuata mtu hadi mlangoni, na dereva wake mwenyewe anashinda amekaa juu ya siti. Mechi moja ya Jumapili, ikifuatiwa na rubisi na nyama choma, hailipi deni la siku sita.

Takwimu za nchi zinatisha. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mmoja kati ya watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari iliyopanda. Mbinu za vipimo zilitofautiana, lakini mwelekeo unaonekana.

Kupima mapigo hakugharimu hata senti. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, kisha hesabu kwa dakika nzima. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake. Rudia asubuhi tatu. Usipime ukiwa na homa, wala baada ya kutafuna kahawa ile ya kukaribishia wageni, maana kafeini inaweza kupandisha mapigo.

Ukiona yamezidi 80 kila siku, usijitangazie ugonjwa. Upungufu wa damu, tezi la shingo na hofu pia huupeleka moyo mbio. Mapigo ya chini nayo si cheti cha usalama. Jibu la sukari linatoka kwenye tone la damu tu: asubuhi kabla ya kula, 7.0 na zaidi ni kiwango cha kisukari na hupimwa tena kuthibitisha, na 6.1 hadi 6.9 ni onyo.

Dawa ya onyo hilo ni jasho la kila wiki: angalau dakika 150 za kutembea haraka, joging au baiskeli, zikigawanywa siku tano. Aliyekaa muda mrefu aanze na kutembea. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari, maana sukari inaweza kushuka ghafla akiwa uwanjani. Maumivu ya kifua au kizunguzungu yakitokea, toka nje ya mchezo usisubiri filimbi.