Mishipa Inayoziba: Adui Anayekuja Polepole



Mtu akianguka ghafula, mdomo umepindika na mkono umelegea, wengi wanauliza: "Nani amemroga? Nani amemtilia sumu?" Jirani anashitakiwa, jamaa inagawanyika, na saa zinapita bure. Lakini mara nyingi adui huyo hakutoka kwa jirani. Alianza kazi yake ndani ya mishipa ya mgonjwa miaka mingi kabla ya siku ile.

Ugonjwa huu ni nini?

Moyo unasukuma damu katika mishipa mpaka kila pembe ya mwili. Mishipa ya mtoto ni laini, inanyumbuka. Lakini mafuta ya damu, yaani kolesteroli, yakizidi, yanapenya ukuta wa mshipa na kujikusanya humo. Ukuta unakuwa mnene na mgumu, njia inakuwa nyembamba. Ni kama bomba linaloleta maji toka chemchemi ya mlimani. Uchafu unashika ndani kidogo kidogo, wala hakuna anayejua mpaka siku maji yanapokatika. Ndivyo ilivyo katika mwili: siku moja ule uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inafungwa.

Mshipa wa moyo ukifungwa, sehemu ya moyo inakufa. Wa ubongo ukifungwa, mtu anapooza. Wa mguu ukiwa mwembamba, mtu anaumwa misuli anapopanda mlima, na akipumzika maumivu yanakwisha. Baadaye vidonda vya vidole havitaki kupona.

Je, ulikuwako zamani?

Ulikuwa haba sana. Mwaka 1929 munganga Donnison alitangaza habari za watu 1000 aliowapima huko Nyanza, Kenya. Aliona kwamba tansiyo yao haikupanda pamoja na umri kama ya Wazungu. Huko Uganda, munganga Hugh Trowell, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa Anglikana, alifanya kazi miaka mingi kabla ya kuandika, mwaka 1956, habari ya Mwafrika aliyezibwa mishipa ya moyo. Mwaka 1960 waganga walilinganisha maiti 632 za Uganda na maiti 632 za Saint Louis, Marekani, wenye umri sawa. Za Marekani, 136 zilikuwa na alama ya moyo ulioharibiwa kwa kukosa damu. Za Uganda, 1 tu.

Je, damu ya Mwafrika ni ya namna nyingine? Hapana. Mwaka 1990 waganga walitangaza habari za Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Baada ya miezi michache tu tansiyo yao ilikuwa juu kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani, na chumvi katika mkojo wao ilikuwa imezidi. Watu ni wale wale. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Na kwetu je? Babu zetu walivuka bonde mpaka Katwe, Uganda, kutafuta chumvi, wakairudisha kwa miguu. Kitu cha taabu namna hii hakumwagwi ovyo katika chungu. Leo chumvi inauzwa katika kila duka, nayo imejaa pia katika samaki wakavu wa ziwa Edouard na katika vipande vya kukoleza mchuzi. Babu walipanda milima hii kwa miguu. Sisi tunapanda moto. Leo magonjwa ya moyo na mishipa yanaua watu wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote, na zaidi ya robo tatu ya wafu hao ni wa nchi zisizo tajiri.

Tufanye nini?

1. Acha tumbako kabisa, ya kuvuta. Inaumiza ukuta wa mshipa. Anayeacha leo anaanza kupata faida upesi.

2. Punguza chumvi: kijiko kimoja kidogo kwa mtu kwa siku nzima kinatosha, pamoja na ile iliyo ndani ya vyakula. Samaki wa chumvi, mloweke na kumwaga maji.

3. Mafuta ya mawese ni chakula, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya namna inayozidisha kolesteroli. Weka kidogo. Usirudie kukaanga kwa mafuta yale yale siku kwa siku.

4. Kula maharagi, sombe, mboga na matunda. Usidharau chakula cha shamba ukidhani nyama na soda ndizo heshima.

5. Tembea. Usizidishe unene. Kasiksi na pombe kali, afadhali kuziacha.

6. Pimisha tansiyo, hata kama huumwi. Ikiwa 14 kwa 9 au zaidi mara kwa mara, ni ugonjwa. Pimisha sukari pia.

Dawa za tansiyo

Wengine wanakunywa dawa mwezi mmoja, wanasikia vizuri, wanaacha. Huo ni mtego. Tansiyo haina maumivu. Dawa inaizuia, haiing'oi. Ukiacha, inapanda tena, na mshipa wa ubongo waweza kuziba au kupasuka. Wewe unayekimbia kwa sababu ya vita, beba dawa zako na fishi yako pamoja na watoto na blanketi.

Usingoje

Mwambie mgonjwa acheke: je, mdomo umepindika? Ainue mikono miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme jina lake: je, maneno yamevurugika? Ikiwa moja ni ndiyo, mpeleke hospitali saa ile ile. Fanya vile vile kwa mwenye maumivu ya kubana kifuani, yanayoenda mkononi au tayani, pamoja na jasho. Usimpe aliyepooza chakula wala kinywaji. Chaweza kumwingia mapafuni.

Je, tusiombe? Tuombe sana, lakini tuombe njiani tukiwa tumembeba. Mtume Paulo alifundisha kwamba mwili ni hekalu. Mwenye hekalu hangoji ukuta uanguke ndipo aukague. Wazee wa kanisa, siku mgonjwa anapoanguka, msiruhusu mtu kutaja jina la mchawi. Tafuteni kipoyi au moto, mwondoke.